Tuni za Ireland Hutoka Wapi? Stori za Ngoma Mpya Ambazo Wengi Hudhani ni za Mababu

Rudi na mimi 2017 kidogo. Ed Sheeran ameachia ile albamu yake yenye alama ya kugawanya, na Galway Girl iko kila mahali. Iko kwa mathree, iko kwa harusi ya binamu yako, iko kwa simu ya sista yako. Ukikumbuka vizuri, kuna ile fidla inakimbia mbio hadi mtu anaanza kuruka bila kujua anaruka ngoma ya nani.

Sasa ngoja nikupe rada. Ile fidla haikutoka kichwani mwa Ed. Ni tuni inaitwa Minute 5, ya bendi ya Ireland inaitwa Beoga, na ilikuwepo kabla ya wimbo. Ed alijenga juu yake. Hata yule manzi wa fidla anayeimbwa, Ed mwenyewe alisema wazo lilitoka kwa Niamh Dunne, mpiga fidla wa Beoga. Na Niamh si wa Galway hata, ni wa Limerick. Kitu poa ni kwamba wanabendi wa Beoga waliwekwa kwenye orodha ya watunzi wa huo wimbo, majina yao kabisa.

Wengi kwenye huu muziki hawajabahatika hivyo. Ndio maana leo tunapiga stori ya tuni za Ireland: nani huzitunga, wazo hutoka wapi, na kwa nini majina ya wenyewe hupotea.

Kwanza tuelewane: tuni ni nini?

Muziki mwingi wa asili wa Ireland hauna maneno. Ni tuni tu, inapigwa kwa fidla, filimbi ya mbao, filimbi ya bati, banjo, akordioni (ile kinanda ya kuvuta na kusukuma ambayo wazee wa mwomboko wanaijua vizuri), na zumari za mfuko ambazo hupulizi kwa mdomo, unajaza hewa kwa kiwiko.

Tuni ya kawaida iko na vipande viwili. Unapiga cha kwanza mara mbili, cha pili mara mbili, umemaliza raundi. Raundi nzima mara nyingi haifiki dakika moja. Zikienda nne-nne kwa kasi tunaita rili, zikienda tatu-tatu tunaita jigi. Kuna aina zingine lakini hizo mbili zinatosha kwa leo.

Zinapigwa wapi? Zamani ilikuwa jikoni kwa watu. Siku hizi ni kwenye baa, na mkutano wenyewe unaitwa sesheni. Wasee wanaketi kuzunguka meza, hakuna jukwaa, hakuna karatasi ya noti. Mmoja anaanza tuni, wanaoijua wanaingia, asiyeijua anakunywa kinywaji chake akisikiliza. Akiipenda, anaishika kichwani, wiki ijayo anaipiga kwa baa nyingine.

Hivyo ndivyo tuni mpya inavyotembea, na hapo pia ndipo noma huanza. Tuni ikipendwa sana inatembea kuliko jina la mwenyewe. Miaka kumi baadaye unaskia mtu akisema, "hiyo ni ya kitambo, hakuna anayejua nani aliitunga." Na yule aliyeitunga pengine ameketi meza ya pili, anaskia yote.

Haya, tuingie kwa stori zenyewe.

1. Sponsa anayekulisha

Turlough O'Carolan alizaliwa 1670. Akiwa na miaka kama 18 alishikwa na ndui, akapoteza macho. Mama mmoja tajiri, Mrs MacDermott Roe, akamlipia mafunzo ya kinubi, kisha akampa farasi na mtu wa kumwongoza njia. Karibu miaka hamsini jamaa alizunguka Ireland akilala kwa nyumba za watu wenye nazo, na kila aliyemkaribisha vizuri alitungiwa tuni yenye jina lake. Planxty Irwin ni ya mtu. Fanny Power ni ya binti wa nyumba aliyokuwa akifika. Ile kuita jina la tajiri ndani ya ngoma ndio watumwe mezani, mliidhani imeanza na rhumba?

Lakini ya kwanza kabisa haikuwa ya kumsifu mtu. Inasimuliwa kwamba mwenyeji wake mmoja, George Reynolds, alimsikiza akipiga kinubi, akaona vidole si vikali sana, akamshauri ajaribu kutunga. Akampa na wazo: hadithi ya vilima viwili vya pale karibu, kimoja kidogo kingine kikubwa, ambavyo majini wake walipigana vita. O'Carolan akatoa Sí Bheag, Sí Mhór. Hadi leo anayeanza kujifunza hupewa hiyo mapema.

O'Carolan alikufa 1738, akiwa amerudi kwa nyumba ya yule yule Mrs MacDermott Roe. Ameacha tuni zaidi ya 200. Kumbuka huyu mzee, kwa sababu jina lake halikupotea. Kwa nini? Ngoma zake zilikuwa na majina ya watu wenye nguvu, na zilichapishwa.

2. Kumiss nyumbani

Ed Reavy alizaliwa kijijini huko Cavan, kaskazini mwa Ireland. Mwaka wa 1912, bado kijana mdogo, familia ikamhamisha Marekani, Philadelphia. Huko akawa fundi wa bomba. Mchana anarekebisha mabomba ya watu, usiku anakaa na fidla.

Sasa huyo msee alitunga tuni nyingi ajabu, na ukisoma majina yake utadhani hakuwahi kupanda meli. Maudabawn Chapel ni kanisa la kwao. The Lane to the Glen ni kijia cha kuingia bondeni. Ni kama mtu wa Kakamega amekaa Boston miaka hamsini na kila ngoma anayotoa ina jina la soko la kwao.

Ingine inaitwa In Memory of Coleman. Hiyo ni ya kumkumbuka Michael Coleman, mpiga fidla kutoka Sligo ambaye santuri zake zilizorekodiwa New York miaka ya 1920 zilifunza Ireland nzima jinsi ya kupiga.

Kilichofuata ni cha kushangaza. Tuni za Reavy zilivuka bahari zikarudi Ireland bila yeye. Wapigaji wakazishika, wakazifundisha watoto wao, na wengi hawakujua kuna mtu hai Philadelphia, mikono imejaa grisi, aliyezitunga. The Hunter's House unaweza kuiskia karibu sesheni yoyote duniani, na bado kuna anayeapa ni ya mababu. Mtoto wake ndiye aliyekusanya kazi ya babake na kuichapisha kitabu. Bila huyo kijana, pengine tungekuwa tunaandika "mtunzi hajulikani". Reavy alifariki 1988.

3. Kisiwa, na jiji lenye baridi

Kuna kisiwa kidogo kwenye ghuba ya Galway kinaitwa Inis Oírr. Mpiga akordioni wa Dublin, Thomas Walsh, alikitembelea, akarudi na tuni ya polepole aliyoipa jina la kisiwa: Inisheer. Ukiiskia, mwendo wake ni wa maji yanayopanda na kushuka. Watu wanaipiga kwa harusi, wanaipiga kwa mazishi, na wengi wao wakiulizwa hujibu ni ya karne ya kumi na nane. Wapi, hiyo ni ngoma ya juzi tu.

Halafu kuna Liz Carroll. Yeye alizaliwa Chicago mwaka wa 1956, wazazi wametoka Ireland. Mwaka wa 1975 alienda Ireland akashinda shindano la fidla la watu wazima la nchi nzima, akiwa na miaka 18. Manzi wa Chicago anachukua taji nyumbani kwa wenyewe! Tangu hapo ametunga tuni nyingi sana, na hajifanyi ameziokota kijijini. Albamu yake ya 2000 inaitwa Lost in the Loop. Loop ni katikati ya jiji la Chicago, pale treni zinazunguka juu ya barabara. Ingine inaitwa Lake Effect, ambalo ni jina la ile theluji mbaya inayoletwa na upepo kutoka ziwani. Yaani mtu anatungia ngoma baridi ya mtaa wake.

Hapo nakupa somo la bure. Reavy alitunga kuhusu mahali alipotoka, Liz anatunga kuhusu mahali alipo. Zote mbili zimekubaliwa kuwa za Ireland. Lugha ya ngoma ndiyo moja, anwani inaweza kuwa yoyote.

4. Kipepeo

Tommie Potts alikuwa mzimamoto wa Dublin. Kazi ya kukimbilia moto, lakini fidla yake ilikuwa laini hadi unashangaa. Mwaka wa 1972 akatoa albamu yake, The Liffey Banks, na ndani yake kuna The Butterfly.

Inasimuliwa kwamba alikuwa amekaa akitazama vipepeo wakirukaruka, akajaribu kufuata mwendo wao kwa fidla. Tuni yenyewe haiendi nne-nne wala sita-sita, inaenda tisa-tisa, kwa hivyo inakuwa kama kitu kinachotaka kutua halafu kinabadili nia. Inasemekana pia alichukua vipande vya tuni mbili za kitambo akavigeuza. Kwa lugha ya maprodusa wa leo, mzee alisampo. Mwaka wa 1975 bendi ya Bothy Band ikaiweka kwenye albamu yao ya kwanza na hapo ikaenda dunia nzima.

5. Kinanda kilichotupwa

Hii ndiyo naipenda zaidi. Simon Jeffes alikuwa Mwingereza, kiongozi wa bendi iliyoitwa Penguin Cafe Orchestra. Mwaka wa 1982 wako Japani, mji wa Kyoto, anatembea vichochoroni akaona kinanda cha harmoniamu kimetupwa nje kama takataka. Akakichukua, akakipeleka kwa rafiki, akaanza kukibonyeza. Tuni iliyotoka akaiita Music for a Found Harmonium, yaani muziki wa harmoniamu iliyookotwa. Jina limekwambia kila kitu.

Jeffes hakuwa anajaribu kutunga ngoma ya Ireland. Lakini mwaka wa 1990 bendi ya Ireland inayoitwa Patrick Street iliirekodi kwa fidla na akordioni, ikakaa pale kama imezaliwa hapo. Siku hizi inapigwa kwa sesheni katikati ya rili za miaka mia mbili na hakuna anayeuliza kitambulisho. Mwingereza, kinanda kibovu, kichochoro cha Japani, na tayari una ngoma ya Ireland.

6. Sheria mbaya, na njaa

Si kila wazo ni tamu. Zamani vijijini Ireland watu walikuwa wanacheza ngoma jikoni kwa majirani. Mwaka wa 1935 serikali ikapitisha sheria kwamba dansi ya umma lazima iwe na leseni ya korti. Mapadre na polisi wakaitumia hadi kwa dansi za nyumbani. Jikoni nyingi zikanyamaza. Wapigaji wengine wakaweka fidla ukutani, wengine wakapanda meli.

Junior Crehan, mkulima na mpiga fidla wa Clare, alizaliwa 1908, kwa hivyo aliona yote kwa macho yake: jikoni likijaa, na jikoni likiwa tupu. Akatunga maombolezo ya ile dansi ya nyumbani, kama vile mtu angemwombolezea marehemu. Wengine wangeandika barua kwa gazeti. Yeye alitoa tuni. Alifariki 1998 akiwa mzee anayeheshimiwa nchi nzima.

Charlie Lennon wa Leitrim naye alikuwa mpiga fidla na piano ambaye pia alisomea fizikia hadi akawa daktari wa hiyo somo. Alitunga kazi ndefu ya fidla na okestra inayoitwa Flight from the Hungry Land, kutoroka nchi ya njaa. Hiyo ni ile njaa kubwa ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani. Kama watu milioni moja walikufa na wengine kama milioni moja wakahama. Unaposhangaa kwa nini tuni nyingi za Ireland zina jina la kuaga, jibu ni hapo.

7. Mtu ameenda

Frankie Kennedy alikuwa kijana wa Belfast. Alikutana na Mairéad Ní Mhaonaigh, binti wa Donegal aliyekuwa anapiga fidla, na inasemekana aliingilia filimbi kwa bidii ndio aweze kukaa karibu naye. Si hata wewe umewahi kujifunza kitu kwa sababu ya mtu? Wakaoana, wakaanzisha bendi ya Altan, ikawa kati ya bendi kubwa zaidi za huo muziki. Mwaka wa 1994 saratani ikamchukua Frankie.

Mairéad hakuacha bendi. Albamu iliyofuata, Blackwater ya 1996, ina tuni yake inayoitwa A Tune for Frankie. Jina halina mapambo yoyote, ni tuni ya Frankie tu. Hakuna maneno ndani yake, na labda hiyo ndiyo faida, kwa sababu kuna siku maneno hayatoshi.

8. Nyatiti ikiingia mlangoni

Hapa sasa tunaingia sisi. Mapema miaka ya 1990 produsa Mwingereza Simon Emmerson alikuwa studio na Baaba Maal wa Senegal. Akaskia melodi moja ya Kiafrika ikifanana kabisa na wimbo wa kale wa Ireland. Wazo likamkaa kichwani. Matokeo ni kundi la Afro Celt Sound System, na albamu yao ya kwanza ya 1996 iko na zumari za Ireland, kora ya Afrika Magharibi, na nyatiti. Aliyepiga hiyo nyatiti ni Ayub Ogada wetu, yule wa Kothbiro, aliyetuacha 2019.

Mwaka wa 1997 kijana wao wa kinanda, Jo Bruce, akafariki ghafla. Kundi likakaribia kuvunjika. Sinéad O'Connor akaingia studio nao, na kilichotoka ni Release, wimbo uliobeba jina la albamu yao ya pili ya 1999. Ilikuwa ni njia ya kumwacha Jo aende. Ukiuliza kama hiyo ni ya asili au ni ya kisasa, utakesha. Lakini ukiuliza ilitoka wapi, jibu ni moja na la Mairéad.

Sasa jina la mwenyewe liko wapi?

Ukichukua albamu za muziki wa Ireland, mara nyingi utaona maneno Gan Ainm mahali pa jina la tuni. Usidhani ni kijiji. Ni Kiairishi, maana yake "bila jina". Mpigaji aliiskia mahali, akaipenda, jina halikuja nayo.

Na mahali pa mtunzi utaona "trad", kifupi cha "ya asili". Hilo neno fupi lina uzito wa doh. Ikiandikwa trad, hakuna mtunzi wa kulipwa. Kule Ulaya haki ya mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hivyo O'Carolan ni wa bure kabisa, lakini Reavy bado. Kila mara mtu anapoweka tuni ya Reavy na kuandika trad, familia ya yule fundi wa bomba inakosa haki yake. Mara nyingi si wizi, ni kutojua. Ila mfukoni matokeo ni yale yale.

Kuna mzee mmoja alipindua hiyo hesabu yote. Paddy Fahey wa Galway alitunga makumi ya tuni na hakuipa hata moja jina. Hakutoa albamu. Wapigaji walizishika kwake, na kwa kuwa hakukuwa na jina wakaita kila moja Paddy Fahey's. Jigi ya Paddy Fahey, rili ya Paddy Fahey, ingine ya Paddy Fahey. Alifariki 2019 akiwa na miaka 102, na hadi leo huwezi kuitisha tuni yake bila kumtaja.

Mimi niliacha chuo nikidhani nitakuwa produsa. Biti yangu ya kwanza kupenya iliwekwa kwa video ya mtu na jina langu halikuwa popote. Hazikuwa hata doh nyingi. Lakini siku moja nikiwa kwa mathree ikapita kwa spika, watu wakaanza kutingisha kichwa, na nikatamani kumwambia makanga, "hiyo ni yangu." Nikanyamaza, kwa sababu nani angeniamini?

Kwa hivyo ukitunga kitu, andika jina lako na uandike ilitoka wapi: kipepeo, kichochoro, mtu uliyempoteza. Na ukipiga kitu cha mwenzako, uliza ni ya nani kabla ya kusema ni ya kitambo. Pengine mwenyewe ameketi meza ya pili.